Gereji ya Chikongola: wanasikiliza kabla ya kufungua

Hilux yangu ya zamani, ya kubebea korosho kutoka Newala, ilianza kulia kama mashine ya kusaga. Fundi mmoja mjini akataka ninunue giaboksi nzima! Nikaipeleka gereji ndogo ya Chikongola, Mtwara, chini ya mwembe.

Kijana wa pale hakushika spana. "Mzee, washa, weka nyutro, achia pedali." Kimya. "Haya, kanyaga klachi." Ikalia. Akasema kelele ikija ukikanyaga, mshukiwa wa kwanza ni rilizi beringi, ile inayosukuma klachi ukikanyaga pedali. Ingelia pedali ikiwa juu na kunyamaza ukikanyaga, angeshuku beringi ya shafti ya mbele ndani ya giaboksi. Hata hivyo alimwaga mafuta ya giaboksi kidogo akatafuta vipande vya chuma. Hakuna.

Alishauri klachi pleti ibadilishwe hapohapo, maana kushusha giaboksi ili kuifikia beringi ndiyo kazi yenyewe. Beringi ya bei rahisi niliyokuja nayo akagoma kuifunga, tulibishana, akashinda.

Kasoro: "jioni" yao ni kesho mchana, na pa kukaa ni tairi bovu. Ila vipuri vya zamani nilikabidhiwa vyote mkononi, jambo ambalo gereji nyingi hapa hazifanyi mpaka udai.