Virutubisho vya mbwa na paka: nunua hivi, na chunga sana chupa ya mafuta ya samaki

Tangu joto la Desemba lianze kukolea, ujumbe ninaoletewa unafanana. Mbwa alikuwa anakula vizuri, kawekewa mafuta ya samaki kwenye ugali wake, sasa hataki hata kusogelea bakuli. Dada mmoja wa Tabata paka wake anatapika kila akipewa. Mwingine wa Mbezi anauliza kama abadilishe aina kwa sababu "hii inanuka sana". Na karibu wote muuzaji kawajibu jibu moja: mpe kidogo kidogo, atazoea.

Jamani, msimzoeshe mnyama kitu ambacho pua yake imekikataa. Hayo mafuta yamechacha.

Watu wakija kununua wanauliza nchi ilikotoka, ladha, na kama picha ya kopo ina mbwa anayefanana na wa kwao. Hakuna anayeuliza chupa imekaa wapi. Omega-3 za samaki, yaani EPA na DHA, ndizo zinazosaidia ngozi inayowasha, manyoya na viungo vya mbwa mzee. Hizo hizo ndizo zinazoharibika upesi kuliko mafuta mengine ya jikoni, na zinaharibiwa na vitu vitatu tulivyojaliwa Dar: hewa, mwanga na joto. Chupa inatoka kiwandani ikiwa nzima, inakaa bandarini, inaingia duka lenye paa la bati lisilo na dari, inapangwa dirishani ipendeze, halafu saa saba mchana inapandishwa kwenye boksi la bodaboda kwenda Goba. Tarehe ya mwisho iliyoandikwa chini ya chupa haikuhesabu safari hiyo.

Mafuta mazima yananukia samaki kwa mbali. Yaliyochacha yananuka kama rangi ya mafuta ya kupaka milango, na ukiyaonja kwa ncha ya ulimi yanaacha ukali kooni. Kama ni vidonge laini, toboa kimoja kwa sindano unuse. Fanya hivyo siku unayonunua, ukiwa bado na risiti.

Kwa paka jambo hili si la kuchagua chakula tu. Mafuta yaliyochacha yanamaliza vitamini E mwilini, na paka anayelishwa samaki wenye mafuta mengi au mafuta mabovu bila vitamini E ya kutosha anaweza kupata uvimbe wa mafuta ya chini ya ngozi. Mafuta hayo yanakuwa ya njano na magumu, paka anapata homa, na ukimshika mgongoni au tumboni analia. Nimeona paka mmoja wa hivyo Kinondoni, alikuwa anajikunja kona ya kabati na hataki mtu. Aliyekuwa akimpa mafuta hayo alikuwa anampenda sana.

Kwa hiyo naanza na ninachokipenda, na sifichi: Nordic Naturals Omega-3 Pet. Yanatengenezwa kwa anchovi na sadini, si kwa maini ya samaki. Lebo inakuambia EPA ni kiasi gani na DHA ni kiasi gani, na kampuni inatoa vyeti vya vipimo kwa namba ya toleo iliyopigwa kwenye chupa. Kwenye cheti tafuta kipimo cha peroksaidi, kinachoonyesha mafuta yameanza kuchacha kiasi gani: wazalishaji wa omega-3 duniani, kupitia umoja wao wa GOED, wamejiwekea kisizidi 5, na jumla ya uchachu wote, inayoitwa TOTOX, isizidi 26. Ni ghali, najua. Nunua chupa ndogo. Chupa kubwa inaonekana nafuu, lakini kila siku unapoipunguza hewa inaongezeka ndani, na nusu ya mwisho unamlisha mnyama uchafu. Ukifungua, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, weka kwenye friji, na baada ya miezi 3 kilichobaki mwaga.

Na usihesabu mililita. Hesabu EPA na DHA. Kidonge cha kawaida cha mafuta ya samaki kimeandikwa miligramu 1000 kwa herufi kubwa, lakini ndani yake mara nyingi EPA ni 180 na DHA ni 120, basi. Daktari akikuambia mbwa wako wa kilo 25 apate miligramu 50 kwa kila kilo, hiyo ni 1250, yaani vidonge vinne na kidogo. Muuzaji aliyekuambia "kimoja kwa siku kinatosha" hakusoma nyuma ya kopo.

Nafasi ya pili naipa taurini kwa paka, yaani kirutubisho cha kwenye nyama na samaki ambacho mwili wa paka hautengenezi cha kutosha, ila kwa masharti. Mwaka 1987 watafiti wa California walionyesha kwamba paka waliokosa taurini moyo wao unapanuka na kudhoofika, na wakirudishiwa taurini wengi wanapona. Tangu hapo viwanda vinaiongeza kwenye chakula cha paka. Hivyo kama paka wako anakula chakula cha kopo au kavu kilichoandikwa kuwa ni kamili kwa paka, huna cha kununua hapa, beba hela yako urudi nayo nyumbani. Lakini paka wetu wengi wanaishi kwa ugali na dagaa. Dagaa wana taurini, tatizo ni sufuria: taurini inatoka kwenye nyama na kuingia kwenye maji ya kuchemshia, na sisi maji yale tunayamwaga nje. Usiyamwage, changanya na ugali. Ukitaka uhakika zaidi, Beaphar ya Uholanzi wana vidonge vya paka vyenye taurini na biotini (aina ya vitamini B), vidogo, paka wengi wanavitafuna wenyewe. Vinavumilia joto letu kuliko mafuta.

Dagaa wenyewe wachagueni pia. Waliokaushwa juu ya mchanga na kukaa gunia mpaka wakawa wa kahawia na kuwasha ulimi, mafuta yao yamepitia yale yale ya chupa ya dirishani.

Tatu ni FortiFlora ya Purina, unga wa bakteria wazuri wa tumbo, ya kuhara, hasa baada ya kubadilisha chakula au kumaliza dozi ya antibayotiki. Naipenda kwa sababu moja inayohusiana na malalamiko yangu yote: boksi lina pakiti 30 za gramu 1, kila moja imefungwa peke yake. Ukifungua ya leo, ya kesho bado haijaona hewa. Ipo ya mbwa na ipo ya paka.

Vya viungo, glukosamini na kondroitini, Cosequin ndiyo inayojulikana. Ushahidi wake haujakaa sawa, mbwa wengine wanaonekana kupata nafuu na wengine hakuna kitu. Kama mbwa mzee anachechemea, hela hiyo ingeanza kwa daktari wa mifugo na kwa kumpunguza uzito.

Vya bei rahisi sina mengi ya kusema. Mafuta ya maini ya samaki ya binadamu kutoka famasi yana vitamini A na D, na hizo mwili hauzitoi zikizidi. Paka akipewa muda mrefu mifupa ya shingo inaweza kushikana. Mafuta ya alizeti yana omega-6, hayachukui nafasi ya samaki. Vidonge vya kupimwa kwenye kimfuko cha nailoni visivyo na lebo, acheni kabisa.

Kalsiamu ndiyo inayonipandisha damu. Ukiingia duka lolote na mtoto wa German Shepherd mikononi, kabla hujasema umefuata nini umeshawekewa kopo la kalsiamu mezani: "masikio yasimame, mifupa iwe mikubwa". Watafiti wa Utrecht kule Uholanzi walilisha watoto wa Great Dane kalsiamu ya ziada miaka ya 1980, mifupa ikakua vibaya. Mtoto wa mbwa mkubwa hana uwezo wa kukataa kalsiamu inayozidi tumboni. Anayeihitaji ni yule anayelishwa nyama tupu, kwa sababu nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno; huyo miguu inapinda kweli, na kiasi chake kinapimwa na daktari, si kijiko cha muuzaji.

Halafu hili la bei. Kwa nini mtu anaweka picha ya chupa mtandaoni na chini anaandika "bei njoo inbox"? Ukienda inbox anauliza kwanza unaishi wapi. Nimeuliza chupa ile ile nikisema niko Masaki na rafiki yangu akasema yuko Mbagala, tukapewa bei mbili. Duka jingine linabandika stika ya bei juu kabisa ya tarehe ya mwisho wa matumizi, sawasawa, kila chupa. Nilipoibandua kwa ukucha, mhudumu akaniambia nalipa kwanza ndiyo nibandue. Nikaiacha hapo hapo juu ya meza.

Mkienda kununua wiki hii, nendeni asubuhi, bandueni stika, ulizeni chupa zilizobaki ziko wapi. Wakikuonyesha friji au stoo yenye kiyoyozi, toa hela. Wakikuonyesha dirisha, toka. Na mkinitumia picha za chupa, pigeni upande wa namba ya toleo, maana mbele ya lebo hainisaidii kitu.