Kuvisha upya viti vya Peugeot 504: nunua hiki, kile kiache

Mwenye 504 huanza na rangi, kisha rimu. Viti huvikumbuka siku springi inapomchana abiria suruali. Ilhali gari hili lilisifika kwa ulaini wa viti vyake tangu lilipotoka 1968, na dereva Ove Andersson alishinda nalo mbio za Safari Rally za 1975. Ukikalia kiti chake leo ukahisi chuma, ujue sponji limekufa, na hakuna kava litakalolifufua.

Basi sehemu ya kwanza ya bajeti iwe ya sponji. Libonyeze kwa ngumi uachie: zuri hurudi mara moja, baya hubaki na shimo. Lile la vipande vilivyogandishwa kwa gundi likatae hata kama ni la bure. Springi zilizokatika zirekebishwe kabla, na kati yake na sponji kiwekwe kitambaa kigumu, la sivyo waya utalila.

Kwa kava, chaguo langu la kwanza ni reksini, yaani ngozi bandia, mpya ya gari, ikishonwa kwa kufuata kava la zamani. Angalia, nimesema ya gari. Ya makochi hung'aa vizuri dukani, ila kwenye kona za kiti hujikunja. Igeuze: ya gari mara nyingi mgongo wake umefumwa kama fulana, na ukiivuta inanyooka pande zote. Mita zote zitoke kwenye bunda moja, maana nyeusi ya leo si nyeusi ya mwezi ujao. Uzi uwe wa nailoni au poliesta. Wa pamba huozeshwa na jasho na jua. Siku ya kuvalisha, fundi aianike kwanza juani ilainike, ndipo aivute. Rangi ya kahawia nimeipenda kuliko nyeusi, kwa sababu nyeusi ya Mombasa saa nane mchana utaikalia mwenyewe.

La pili ni viti vya gari lililovunjwa. Ukizunguka Kirinyaga Road ya Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, ukiuliza kwa subira, huenda ukaelekezwa kwa mwenye navyo. Faida ni fremu na reli za asili. Hasara, sponji lake lina umri sawa na lako.

Makava yaliyoshonwa tayari Ulaya nayaweka ya tatu. Hukaa vizuri, lakini usafirishaji na ushuru vitakuuma, na ukikosea kati ya 504 ya saluni, yaani ya kawaida yenye buti, na wagoni ya safu tatu za viti, umeliwa.

Ngozi halisi? Kwa harusi, sawa. Inataka mafuta, kivuli na mwenye gari asiyebeba jerikeni. Ukiuziwa, tazama ukingo uliokatwa: ngozi ina nyuzinyuzi, reksini ina kitambaa.

Mwisho kabisa ni siti kava za kuvalisha juu. Hizo huficha ugonjwa, huhifadhi unyevu, na kutu hula fremu kimyakimya.

Kabla ya kulipa arubuni, mwambie fundi afumue kava la zamani mshono kwa mshono, asilichane, kisha alirudishe kwako. Langu nililiacha gereji moja. Niliporudi lilikuwa limeshageuzwa kitambaa cha kufutia mafuta. Kiti cha nyuma tukakikisia kwa macho, na hadi leo mistari yake imekaa upogo.