Mashine za masikio baada ya miaka mingi kwenye kinu: uzoefu wangu Kampala

Mashine zangu za kusikia nazipa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja niliyoinyima nitaeleza imeenda wapi. Mimi nasaga mahindi Kisenyi, kazi ya posho, yaani unga wa ugali, na kwenye kinu hakuna anayeongea, tunaonyeshana kwa mikono au mtu anakuja kupiga kelele hapa kwenye sikio. App ya simu ilinionyesha kama desibeli 97 karibu na kinu kikiwa na mzigo. Sasa sikia hesabu yake: desibeli 85 unaruhusiwa masaa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu, kwa hiyo 97 ni nusu saa tu. Sisi tunaanza asubuhi mpaka jioni, banange.

Walioanza kuona shida ni nyumbani. Mama watoto akiongea kutoka jikoni nasikia kuna mtu anasema, lakini anasema nini sijui, akipandisha sauti mimi namwambia wewe mbona unanifokea. Ndio ilivyo hii hali, sauti ndogo haiingii na kubwa inauma. Kazini nako ikawa mteja akisema kilo sita au kilo tisa kwangu ni kitu kimoja.

Shemeji yangu ndiye aliniletea kidude cha kwanza, cha elfu sitini, wanakiuza mjini kwa jina la mashine ya kusikia lakini ni kispika tu. Kinapandisha kila kitu sawasawa, boda, upepo, mlango, vikombe. Sauti nzito mimi bado nazisikia vizuri kabisa, sasa ukinipandishia na hizo umenisaidia nini? Kichwa kiliniuma nikakiweka kwenye droo, na shemeji anajua maana aliniuliza.

Za sasa ni zile zinazokaa nyuma ya sikio na kamrija kanakoingia ndani, nimelipa milioni moja na laki nane kwa sikio moja, ndiyo, ni pesa. Lakini unacholipia sio hiyo plastiki, unalipia kupimwa na kusetiwa. Mtu akikuuzia bila kukupima, hata iwe ya milioni tano, mwachie mali yake.

Kupimwa kwenyewe kulikuwa hivi. Daktari aliangalia ndani kwanza akatoa nta (wengine shida yao inaishia hapo hapo, wanaenda nyumbani wamepona), halafu unafungiwa kwenye kachumba kasikopitisha kelele, hedifoni kichwani, kitufe mkononi, unabonyeza kila ukisikia mlio hata kama ni mdogo vipi. Inaanza milio ya kawaida, inateremka nzito za 250 Hz, inapanda nyembamba mpaka 8000 Hz, sikio moja kisha lingine. Baadae wanakubana kakitu kwenye mfupa nyuma ya sikio ili wajue kama tatizo ni ngoma ya sikio na vile vifupa vya katikati au ni ndani kabisa. Yule dada aliyenipima alichora mistari yake, upande wa sauti nzito mstari uko juu vizuri, ukifika 4000 Hz unaporomoka, halafu 8000 unainuka kidogo. Akaniuliza, ssebo, unafanya kazi kwenye kelele? Nilikuwa sijamwambia kitu, ila labda unga kwenye viatu ulinisema. Kumbe hilo shimo la 4000 ndio alama ya kelele, na herufi kama s, f, t, k na ch sauti zake zinakaa huko juu wakati a, e, i, o, u ziko chini, ndio maana sita na tisa zinabaki i na a tupu.

Nikamuuliza dawa je. Akasema ndani ya sikio kuna seli zenye vinywele, kama 15,000 kila upande, binadamu zikimfia haziotei tena. Kuku zinamuotea! Watafiti waliona hilo kwenye miaka ya 1980 na mpaka leo wanahangaika binadamu naye afanye hivyo. Kwa hiyo wale wa matone ya kurudisha usikivu wanakula pesa yako tu. Na mnaonitumia video za watoto waliotibiwa wakasikia, hiyo ni kweli, ila ni tiba ya waliozaliwa na hitilafu kwenye jeni moja inaitwa OTOF, haihusu kinu.

Wiki za kwanza ni kazi. Kavera, yaani mfuko wa plastiki, lilinishtua, mtu anafungua mkate mimi nageuka kama nimeitwa polisi. Usizivue, ubongo umezoea kukosa hizo sauti na unahitaji muda. Ule mlio unaonilia masikioni usiku haujaisha lakini mchana nikizivaa unapungua. Kwenye takisi park bado ni shida, mashine haijui unataka kumsikia nani kati ya makondakta wote wale, kwa hiyo namtazama mtu mdomo.

Kwenye kinu sizivai, huko navaa vizuia kelele, na hata nje ya kinu unga unaingia kwenye tundu za maikrofoni kila kitu kinakuwa kama kimefunikwa, piga brashi kila jioni. Betri zangu ni namba 13, zenye stika ya rangi ya chungwa. Zinafanya kazi kwa hewa, ukibandua stika isubiri dakika moja ndio uiweke, na ukishabandua usidhani utairudishia uihifadhi, inaendelea kuisha.

Nyota niliyoinyima ni ya kusetiwa mara ya pili. Baada ya kuzoea lazima urudi waongeze au wapunguze, hiyo ni sehemu ya kazi yenyewe, lakini kliniki yangu fundi hayupo, rudi wiki ijayo, halafu wanataka malipo tena. Uliza hilo kabla hujatoa pesa na waandike kwenye risiti.

Mtu ataniuliza simu. Zangu hazina bluetooth, nikipigiwa naweka simu juu nyuma ya sikio ilipo maikrofoni, sio kwenye tundu la sikio, na naiinamisha kidogo isianze kupiga mluzi.