Kioo cha juu ya sinki, Mombasa: uzoefu wangu

Ukienda kununua kioo cha bafuni na unaishi Mombasa, kigeuze kwanza ukitazame mgongo. Kwa mbele vioo vipya vyote ni vizuri. Nyuma na pembeni ndiko utakakojua kama kitadumu, au kama kitaanza kuota madoa meusi kabla taili zako hazijazoeleka.

Tumetoka kulitengeneza upya bafu letu hapa Tudor: taili mpya, bomba mpya, na kabati la sinki la upana wa sentimita 90 ambalo seremala alituundia kwa mbao za msaji. Hayo yote yalikwenda vizuri na sina la kulalamikia. Kioo ndicho kilichonizungusha mji, kwa sababu nilikuwa nimeona jinsi kile cha zamani kilivyoliwa. Kilianza kwa mstari mweusi chini, ukapanda kama moshi, mpaka mtu akisimama karibu na sinki anajiona nusu.

Kinachokula kioo kinafahamika. Nyuma yake kuna utando mwembamba sana wa fedha, mbinu iliyoanzia kwa mkemia Mjerumani Justus von Liebig mwaka 1835, na mpaka leo msingi ni ule ule: fedha, katika vioo vingine utando wa shaba juu yake, kisha rangi ya kuvilinda. Rangi hiyo hufunika mgongo, lakini kioo kikishakatwa, ukingo unabaki wazi. Unyevu na chumvi huingia kwa mlango huo. Sasa fikiria hewa yetu ya bahari, kaskazi na kusi, mwaka mzima. Fikiria maji ya kisima ya chumvi, ambayo nyumba nyingi huyategemea mifereji ikikauka. Na fikiria familia nzima inayotia udhu kwenye sinki moja mara tano kwa siku. Maji yanarukia kioo, yanateremka, yanakusanyika kwenye ukingo wa chini, kisha yanafyonzwa kwenye ule mwanya mwembamba kati ya kioo na ukuta na kukaa humo bila kukauka. Ndiyo maana weusi huanzia chini.

Nilianzia Nyali, kwenye maduka ya vitu vya bafuni, kwa sababu kila niliyemuuliza alinisifia kioo cha taa. Ni kizuri, sikatai. Unakigusa kwa kidole kinawaka pande zote, na muuzaji akaniambia, "Dada, hiki hakishiki mvuke hata uoge maji ya moto namna gani." Ni kweli, nyuma kina kitambaa cha umeme kinachopasha kioo joto. Lakini mvuke hushika kioo kilicho baridi kuliko hewa yenye unyevu inayokigusa, na vioo vya Mombasa havipoi hivyo. Nyumbani kwetu karibu mwaka mzima tunaoga maji ya bomba kama yalivyo. Maji ya moto ni ya mtoto mchanga, ya mgonjwa, au ya asubuhi za kusi. Sikuona sababu ya kulipia joto mahali ambapo joto tunalo la kugawa.

Lililoniondoa dukani hasa ni taa zenyewe. Zimegundishwa ndani ya kioo. Nikauliza, zikiungua nitapata za kubadilisha? Hazipo. Nikatafuta kwenye boksi alama ya IP44, inayoonyesha kwamba kifaa cha umeme kimekingwa dhidi ya maji ya kurukaruka, sikuiona, na muuzaji hakujua ninazungumzia nini. Kwa kitu cha umeme kitakachokaa juu ya sinki, hilo lilinitosha. Bei yake, tena, ilikuwa zaidi ya mara mbili ya nilicholipa mwishowe.

Nilitamani pia fremu ya mbao ya kuchongwa, yenye maua na minyororo kama milango ya Mji wa Kale. Niliinunua kweli, ila iko ukumbini. Bafuni nakshi hushika povu la sabuni na unyevu, na kuisafisha ni kazi ya mswaki.

Kioo nilichokichukua kilikatwa kwa vipimo vyangu katika duka la vioo karibu na Mwembe Tayari. Mwenye duka ni mzee wa makamo ya babangu, mtaratibu, hana haraka na mteja.

"Mwanangu, nikukatie milimita nne au tano?"

"Tofauti yake nini, mzee wangu?"

Hakunieleza. Aliviegemeza vipande viwili ukutani, akaniambia nisimame mbali nitazame kivuli cha fremu ya mlango ndani ya kila kimoja huku nikipeleka kichwa kushoto na kulia. Kwenye kile chembamba mstari wa mlango ulicheza kidogo, kwa sababu kilikuwa kimepinda kufuata ukuta. Kwenye cha milimita tano ulisimama wima. Kisha akakiinua kile kinene akakielekeza juani, mgongo ukitutazama, akanionyesha kwamba hakuna tundu hata moja la mwanga linalopenya rangi. Yakiwepo matundu madogo kama ya sindano, fedha imeshaanza kuwa wazi hapo. Vipimo hivi viwili havina gharama, na hakuna muuzaji mwingine aliyenionyesha.

Akasaga kingo mpaka zikawa laini, akazifuta vumbi, akazipaka rangi ya kuziba kwa brashi ndogo, pande zote nne, akaacha ikauke, akarudia. Kama utachukua jambo moja tu katika maelezo yangu, chukua hili: usiondoke na kioo cha bafuni ambacho kingo zake hazijazibwa.

Kuhusu ukubwa, kipimo kinatoka kwenye kabati. Ukuta utakudanganya kwa sababu daima unaonekana mkubwa. Kioo kikipita upana wa kabati, sinki linaonekana limebebeshwa mzigo. Kikiwa kidogo mno, kinaelea. Mimi kwa kabati la sentimita 90 nilikata kioo cha upana wa 75, nikabaki na nafasi ya saba na nusu kila upande. Urefu wake ni 90, na hapo niliwafikiria watu. Mume wangu ni mrefu, mavyaa wangu ni mfupi na anakaa nasi. Juu ya kabati pako sentimita 85 kutoka sakafuni. Tukaacha 20 za kukwepa marusho ya udhu, kwa hiyo kioo kinaanzia 105 na kuishia 195. Mavyaa anajiona mpaka mabegani akifunga mtandio, na mume wangu hainami akinyoa ndevu. Kioo cha duara, ambacho sasa kiko kila mahali, kingemkata mmoja wao. Kwa kabati dogo la sentimita 50 au 60 la mtu mmoja ningekichagua bila kusita, kinalainisha bafu lililojaa pembe za taili.

Uzito usiupuuze. Kioo cha milimita tano kina kilo kumi na mbili na nusu kwa kila mita ya mraba, hivyo hiki changu ni kama kilo nane na nusu. Ukuta wetu ni wa mawe ya matumbawe, na ukiupiga drili kwa mtindo wa kugonga unamomonyoka, tundu linakuwa pango. Fundi alitoboa polepole bila kugonga, akatia plagi ndefu, na kioo kikakalia vishikio vya chuma chini na juu, huku vipande vidogo vya mpira nyuma vikikiweka mbali na taili kiasi cha milimita tano. Hewa inapita, maji hayapati pa kujificha.

Tulivutana kwenye silikoni tu. Alitaka kuongeza matone machache nyuma kioo kisitikisike, akafungua chupa yake, na harufu ya siki ikajaa bafu.

"Fundi, hiyo hapana. Ina asidi."

"Mama, silikoni si silikoni tu? Naitumia kwenye masinki yote."

Kwenye sinki haina neno. Nyuma ya kioo, ile asidi inayotoka inapokauka hupenya rangi na kuishambulia fedha, na baada ya muda unaona mbele madoa ya mviringo pale pale palipotiwa matone. Ipo aina isiyo na asidi, haina harufu ya siki, na kwenye chupa huandikwa kwamba inafaa kwa vioo. Ni ghali kidogo. Aliifuata, akarudi nayo, na nashukuru kwamba alikubali bila kununa.

Taa tuliweka mbili nyembamba za wima kandokando ya kioo, kila moja kwenye ile nafasi ya sentimita saba na nusu, zenye alama ya IP44. Taa ya juu pekee huangusha kivuli chini ya macho, na mtu anayepaka wanja anakisia. Mwanga wa kelvini 4000 umetufaa: si wa njano wa kubadilisha rangi ya mtandio, wala si ule mweupe wa hospitali. Moja ikiungua nabadilisha moja, kioo hakiguswi.

Tangu hapo mvua za masika zimepita na kingo bado ni safi. Kusafisha natumia kitambaa kilicholowa kidogo kisha kikavu, hasa ule ukingo wa chini baada ya Isha. Dawa za klorini za kusafishia choo sizisogezi karibu, na dawa ya vioo nanyunyizia kwenye kitambaa, si kwenye kioo, isije ikateremka nyuma. Alama nyeupe za maji ya chumvi zinatoka zikiwa mbichi. Zikilala siku mbili zinataka kusuguliwa.

Kioo nakipa nyota tano, na duka lililokikata nalo nyota tano pia. Vishikio navipa mbili. Muuzaji wa duka jingine aliniapia kwamba ni vya chuma kisichoshika kutu, kumbe vimepakwa rangi ya kung'aa tu, na viwili vya chini vimeshaota vidoa vya kahawia. Nimeagiza vya stili halisi, na safari hii nitakwenda na sumaku: vya stili ya daraja la 316, inayohimili chumvi ya bahari kuliko ile ya kawaida, havivutwi nayo kwa nguvu kama chuma kilichopakwa.