Miwani ya karatasi ya kutazamia kupatwa kwa jua: kioo kizuri, fremu dhaifu

Tarehe 1 Septemba 2016 nilikuwa Rujewa, wilayani Mbarali, jua lilipopatwa kipete, yaani mwezi ulilifunika katikati ukaacha pete ya mwanga pembeni. Nilitumia miwani ya karatasi ngumu yenye vioo vya plastiki nyeusi. Kwa kazi yake kuu naisifu bila kusita. Ukiivaa ndani huoni hata dirisha lililo wazi. Ukitazama jua unaona duara la rangi ya chungwa, ukingo umekatika safi. Mwezi ulipoanza kulimega nililiona pengo wakati huku chini mchana ulikuwa bado mweupe.

Fremu ndiyo iliyoniudhi. Ilipokaribia saa sita jua lilikuwa utosini, na ukiinua kichwa mikono ya karatasi haikai masikioni. Kwa watoto ni hatari: miwani inapwaya, mwanga unapenya pembeni, kisha mtoto anachungulia kwa juu. Ya mpwa wangu niliifunga kisogoni kwa mpira wa nguo, ikatulia. Sisi wenye miwani ya macho tunaivalia juu yake, tukiishikilia kwa mkono.

Kwenye kipete huivui kamwe. Hata katika zile takriban dakika tatu pete ilipokamilika, mwanga uliobaki ungeweza kuunguza retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, nayo retina haisikii maumivu. Mtu hugundua baadaye, doa limekaa katikati ya kila anachokitazama. Ndiyo maana filamu ya eksirei, kioo cha masizi na miwani ya jua ya kawaida sivitaki kabisa. Kioo cha mafundi wa kuchomelea kinafaa kikiwa na weusi wa namba 14. Jua linaonekana la kijani.

Unaponunua, tafuta maandishi ISO 12312-2, kiwango cha kimataifa cha miwani ya kutazamia jua, ingawa hata feki huyachapa. Ivae dukani utazame taa: ukiona chochote zaidi ya nukta hafifu, irudishe. Yenye mkwaruzo au tundu, itupe. Wala usiivae kisha ukachungulia jua kwa darubini; lenzi hukusanya joto likatoboa kioo chake na jicho pamoja.

Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli kamili, yaani pale mwezi unapolifunika jua lote, kitapita Luxor nchini Misri, Jeddah nchini Saudi Arabia hadi Somalia, na sisi Tanzania tutaona jua likimegwa sehemu. Nunueni mapema, kwa muuzaji anayeweza kutaja kiwanda alikoitoa.