Bahari ya kununua: vifaa vya maji kwa diorama ya manowari, kuanzia bora hadi cha kukwepa

Anayejenga diorama ya meli, yaani mandhari ndogo ya mfano, kwa kawaida humaliza pesa kwenye meli yenyewe, halafu bahari ikapewa chenji iliyobaki. Matokeo yake tumeyaona: manowari imepakwa rangi kwa ustadi, kila mzinga upo mahali pake, lakini imekalia kitu kinachofanana na sakafu ya saluni. Kwa hiyo hapa meli nitaipitia haraka. Kinachopangwa kwa daraja ni maji.

Huwezi kusema kifaa kipi ni bora kabla ya kujua maji unayotaka ni ya wapi, kwa hiyo nachukua kisa kimoja cha kwetu: kruza (manowari ya kasi) ya Wajerumani SMS Königsberg ndani ya delta ya Rufiji. Tarehe 20 Septemba 1914 iliivizia HMS Pegasus iliyokuwa kwenye matengenezo bandarini Zanzibar na kuizamisha, kisha ikarudi kujificha kwenye mikono ya Rufiji. Kruza za Waingereza zilikuwa na kina kikubwa mno kuifuata huko ndani. Zikaletwa monita mbili, manowari za kuelea kwenye maji mafupi, Severn na Mersey, zilizojengwa awali kwa ajili ya mito ya Brazil. Jaribio la kwanza lilikuwa 6 Julai 1915. Tarehe 11 Julai kazi ikaisha. Mizinga ya Königsberg iliopolewa ikaendelea kupigana nchi kavu, na mmoja wapo uko Fort Jesus, Mombasa, mpaka leo. Ukipita huko upige picha za karibu, zitakusaidia.

Kwa mjenzi, kisa hicho kina maana moja kubwa. Maji ya Rufiji ni ya kahawia, yametulia, na huoni chini. Lishike hilo, maana ndilo linalopindua orodha nzima.

Kipimo kwanza

Königsberg ilikuwa na urefu wa mita 115 na ushee. Kwa 1/700, yaani kila kitu kikipunguzwa mara 700, unapata sentimita 16 na nusu. Kwa 1/350, sentimita 33. Mkoko wa mita 15 unakuwa sentimita mbili kwa kipimo cha kwanza, zaidi kidogo ya nne kwa cha pili. Kama unataka mizizi ya mikoko ionekane, nenda 1/350. Kama nafasi ni rafu ya vitabu, 1/700 inatosha na mikoko itakuwa ukanda wa kijani tu.

Kwa 1/350, watengenezaji wa seti za kuunganisha Revell wametoa SMS Emden na SMS Dresden za plastiki. Hizo ni za aina ya meli iliyofuata ile ya Königsberg, nazo zina dohani tatu, ila si pacha. Anayetaka Königsberg yenyewe atafute seti za rezini (plastiki ya kumimina) za warsha ndogo, na ajiandae kupiga msasa sana.

1. Tishu, gundi nyeupe ya mbao, na jeli ya akriliki juu

Hii ndiyo namba moja kwa Rufiji, na pia ndiyo ya bei ndogo. Gundi ni ile ile ya seremala, inapatikana hadiwea yoyote. Changanya nusu kwa nusu na maji, paka kwenye ubao, tandaza tishu, kisha lowesha tena kwa juu. Usiivute, itachanika. Isukume kwa ncha za brashi ili ijikunje kidogo kidogo. Mikunjo hiyo ndiyo viwimbi vyako. Iache usiku kucha, halafu paka rangi ya akriliki: kahawia yenye ukijani kidogo katikati ya mkondo, hafifu zaidi unapokaribia matope. Malizia na jeli ya akriliki yenye kung'aa, au vanishi ya akriliki tabaka kadhaa.

Ukinunua tishu, ichunguze kwanza. Nyingi zina maua yaliyogandamizwa, na maua hayo yatajitokeza baharini hata baada ya rangi. Tafuta isiyo na chapa, uitenganishe tabaka, utumie moja.

Jeli ndiyo yenye gharama hapa, na inapatikana zaidi kwenye maduka ya vifaa vya wachoraji. Inapakwa ikiwa nyeupe kama maziwa na kukauka ikiwa angavu. Ipake nyembamba, ukiirundika, ndani itabaki na ukungu kwa siku nyingi. Udhaifu wa njia hii ni gundi nyeupe yenyewe, ambayo ikipata unyevu hulegea na kurudi weupe. Hakikisha rangi imefunika kila mahali, pembeni pia.

2. Foili ya jikoni

Ikunje ovyo kiganjani, ikunjue taratibu, ibandike ubaoni, paka rangi ya msingi, kisha rangi ya maji na vanishi. Kwa 1/700 inatoa viwimbi vidogo vyenye ncha kali, vizuri kuliko tishu. Kwa 1/350 ncha hizo zinaonekana kuwa za bati. Ukiibonyeza kwa kidole baada ya kumaliza, alama haitoki. Ingekuwa ya kwanza kama ungejenga bahari ya wazi yenye upepo mdogo.

3. Ipoksi

Watu wengi huanzia hapa kwa sababu video za meza za mbao zimewavutia. Ipoksi ni rezini ya makopo mawili, unayachanganya ikagandana. Sifa yake ni moja: kina kinachoonekana. Sasa kwenye maji ya Rufiji, yasiyoonyesha hata shubiri moja chini, unalipia nini? Ungekuwa unajenga Emden ilivyopandishwa mwambani kwenye visiwa vya Cocos tarehe 9 Novemba 1914, na matumbawe yanaonekana chini ya maji ya kijani, ningeipandisha hadi namba moja bila kusita, na jeli juu yake kwa povu la mawimbi.

Ukiamua kuinunua, soma kwenye kopo unene wa juu kabisa wa tabaka moja. Ipoksi ikichanganywa hupata joto, na ukimimina nene joto hilo linaweza kuyeyusha msingi wa stairofomu (lile povu jeupe la vifungashio) na kupinda plastiki ya meli. Pili, hupanda ubavuni mwa meli na kuacha mstari unaong'aa juu ya usawa wa maji, unaohitaji kufutwa kwa vanishi isiyong'aa. Tatu, sisi wa pwani tuna unyevu hewani. Uso unaweza kukauka ukiwa na utando wenye mafuta-mafuta. Mimina siku kavu, chumba kisiwe na dirisha wazi upande wa bahari. Na jua la moja kwa moja huigeuza manjano, ingawa kwa Rufiji hilo halina neno.

4. Silikoni angavu ya madirisha

Ni rahisi, ina nguvu, inanuka siki. Rangi haishiki juu yake, kwa hiyo ukishaipaka huna marekebisho. Inafaa kwa povu la omo (mbele ya meli) na mkondo wa tezi (nyuma yake) la meli inayokwenda. Königsberg ilikuwa imetia nanga. Iruke.

5. Rezini ya mafundi wa faiba: usinunue

Ukiingia dukani ukasema "naomba rezini", mara nyingi utapewa hii, kwa sababu ndiyo wanayotumia wajenzi wa boti na matangi. Hiyo ni poliesta. Ina staireni ndani, nayo hula stairofomu mbele ya macho yako na kushambulia plastiki ya seti. Harufu yake haitoki nyumbani kwa siku kadhaa. Uliza jina kamili: ipoksi au poliesta. Muuzaji asipojua, angalia kopo la pili, la kigandishi: la poliesta huwa chupa ndogo ya matone machache, la ipoksi huwa kiasi kikubwa, mara nyingi nusu ya la kwanza au sawa nalo.

Ufuo

Mchanga wa baharini unaonekana ni bure, lakini upige hesabu. Chembe ya nusu milimita kwa 1/350 ni jiwe la sentimita 17 na nusu. Kwa 1/700 ni jiwe la sentimita 35. Na chumvi yake itatoka baadaye kama unga mweupe. Kwa matope nunua unga wa jipsamu, uchanganye na gundi na rangi, uulainishe kwa kidole kilicholowa. Ukiamua wakati wa kupwa, matope yapande polepole kutoka majini. Tofauti ya mita tatu kati ya maji kujaa na kupwa, kwa 1/350, haifiki hata sentimita moja.

Mikoko ndiyo raha ya kazi nzima. Kwa mizizi ya matao sijaona kinachoshinda usumba wa nazi: kata nyuzi fupi, zipinde, zibandike kwa supaglu chini ya kijiti, tatu au nne kila mti. Majani ni sponji ya kuoshea vyombo iliyosagwa na kupakwa kijani kilichokolea. Usipande mkoko peke yake kila mahali. Upande wa maji weka michache yenye kichwa cha mviringo kama mililana, nyuma yake michu iliyopauka kidogo, zote mbili aina nyingine za miti ya mikokoni. Bakiza matawi kadhaa kwa ajili ya milingoti, maana mabaharia wa Königsberg waliificha meli yao kwa majani.

Na kasha la akriliki la kuzuia vumbi usiliagize mapema. Subiri milingoti isimame na majani yake, upime urefu, uongeze sentimita tatu juu, ndipo umpelekee fundi wa mabango akukatie.