Disketi ya kuwashia mashine ya Unix: huduma ya fundi wa Ngamiani, Tanga

Ghala letu la mkonge bado linatunza hesabu za marobota kwenye kompyuta yenye SCO OpenServer 5, mfumo wa Unix uliotoka mwaka 1995, na kwa kuwa hesabu hizo hazijahamishiwa kwingine, mashine ikifa nazo zimekufa. Mwezi uliopita umeme ulikatika ghafla, na uliporejea mashine iligoma kuwaka kwa kuwa haikuiona keneli yake, yaani programu kiini ya mfumo.

Mafundi wawili walinishauri ninunue kompyuta mpya. Wa tatu, mwenye karakana Ngamiani, aliuliza swali moja tu: je, tunayo mashine nyingine ya aina hiyo hiyo? Swali hilo ndilo lililonifanya nimwamini. Disketi ya dharura ya mfumo huu hubeba keneli ya mashine iliyoitengeneza pamoja na draiva zake (programu zinazoendesha vifaa), hivyo ikitengenezwa kwenye mashine yenye kadi tofauti ya SCSI (kadi inayounganisha diski ngumu na kompyuta) inaweza kuwaka vizuri, lakini isiione diski ngumu. Kwa bahati njema tawi letu la Muheza lina pacha wake, na huko ndiko alikoendesha amri ya mkdev fd na kupata disketi mbili, ya kwanza ikiwa na keneli na ya pili ikiwa na zana za ukarabati kama fsck, inayokagua na kurekebisha mpangilio wa mafaili kwenye diski.

Uangalifu wake ndio ninaousifu zaidi. Disketi ya inchi 3.5 hubeba megabaiti 1.44 tu, na sekta moja mbovu kati ya 2,880 yaweza kuharibu kazi nzima, nasi huku pwani unyevu hauzihurumii. Alivuta kifuniko cha chuma, akazungusha kitovu kwa kidole huku ameielekeza disketi dirishani, na kati ya kumi nilizompa akazikataa saba kwa sababu ya kuvu iliyotanda kama unga. Alizoziandika alizisoma tena kwa dd, amri ya kunakili data, kutoka mwanzo hadi mwisho, akaziwashia kwanza kwenye mashine nzima, kisha akasogeza kile kidude cha pembeni ili tundu libaki wazi, mashine mgonjwa isije ikaandika juu yake. Hata fsck aliianza kwa -n, aone uharibifu kabla ya kurekebisha chochote. Jioni ile marobota yetu yote yalionekana kwenye skrini.

Kasoro zipo. Bei, shilingi 90,000, niliisikia kazi ilipokwisha, jambo ambalo si haki kwa mteja, na hakuandika lebo wala kunipa seti ya akiba mpaka nilipoidai. Anayekwenda kwake abebe disketi zake, kwani madukani ni adimu mno. Hata Sony ilisitisha kuziuza Japani mwaka 2011. Kazi yenyewe ilichukua siku mbili, nauli ya Muheza ikiwa juu yangu.